Osmosisi ya Daftarini na Mkoko wa Nyamisati

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni nilipangiwa mazoezi ya kufundisha kwenye sekondari moja upande wa Kibiti. Kipindi changu cha kwanza cha kidato cha pili kilikuwa osmosisi, na nilijiandaa kwelikweli. Nilinunua viazi ulaya sokoni kwa hela yangu, nikatafuta chumvi ya jikoni na bakuli mbili za plastiki. Kipande cha kiazi kilichokaa kwenye maji matupu kilikuwa kigumu, kinavunjika "tak". Kile cha maji ya chumvi kililegea, unakipinda kama mkanda. Nikaandika fasili ubaoni, darasa zima likaikariri kwa Kiingereza kwa sauti moja. Nikajiona mwalimu.

Halafu kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. Kwao ni vijiji vya ndani ya delta, huku mjini alikuwa amepanga chumba na wenzake. Akauliza: "Mwalimu, samahani. Kama maji ya chumvi yanatoa maji kwenye kiazi, mbona mkoko haukauki?"

Darasa likacheka. Mimi nikajibu, "Mikoko imezoea mazingira yake," nikafuta ubao.

Tuwe wakweli: hilo si jibu. Ni sawa na kusema mkoko haukauki kwa sababu haukauki. Na swali lenyewe halikuwa la kuchekesha. Baada ya kipindi kijana aliniambia kuwa msimu uliopita maji ya bamvua yaliingia kwenye shamba la bibi yake, mpunga ukakauka wote, wakati mikandaa ya pembeni imesimama vilevile, kijani. Alikuwa ameleta darasani kitu alichokiona kwa macho yake, akitegemea somo litamsaidia kukielewa. Somo halikumsaidia, na mimi sikumsaidia.

Kwa hiyo leo nataka kulikosoa somo la difyusheni na osmosisi lenyewe, jinsi linavyokaa kwenye madaftari, kwenye vijitabu vya marudio na kwenye vichwa vyetu tuliolifaulu. Silengi kitabu kimoja wala mwalimu mmoja. Daftari la kwanza kwenye kizimba ni langu.

Fasili inayojipinga yenyewe

Fasili tuliyoikariri, kwa Kiswahili, inakwenda hivi: osmosisi ni kusafiri kwa maji kutoka mahali penye maji mengi kwenda penye maji machache, kupitia utando unaochagua. Wengine husema kutoka kwenye mmumunyo hafifu kwenda kwenye mmumunyo mkali. Ni kitu kimoja.

Kuna mambo fasili hii inayaeleza vizuri. Ukinyunyiza chumvi kwenye kachumbari, baada ya dakika chache bakuli lina maji ambayo hukuyatia wewe. Yametoka kwenye seli za kitunguu na nyanya. Ng'onda haliozi haraka kwa sababu hiyohiyo: chumvi inavuta maji kwenye nyama ya samaki, na bakteria wanaotaka kuila wanakaushwa pamoja nayo. Kwa mambo haya fasili inatosha kabisa.

Sasa geuza ukurasa. Daftari hilohilo linasema kwamba seli ya mmea ikiwekwa kwenye maji matupu inajaa, inatuna, halafu inaacha kunyonya. Subiri kidogo. Ndani ya seli kuna sukari na chumvi muda wote. Nje ni maji matupu. Kwa fasili yetu, ndani patakuwa "penye maji machache" daima, hata iingie lita ngapi. Basi kwa nini seli iache kunyonya?

Jibu ni ukuta wa seli. Seli inapotuna, ukuta unaibana, presha inapanda, na presha ile inayarudisha maji nje kwa kasi ileile yanayoingilia. Maji yanasimama ingawa ukolezi wa pande mbili haujalingana na wala hautalingana. Kwa hiyo maji yanaongozwa na mambo mawili, si moja: kilichoyeyuka ndani yake, na presha inayoyasukuma au kuyavuta. Fasili ya daftarini inataja la kwanza tu. La pili linaingia ukurasa unaofuata kimyakimya, bila kuambiwa kwamba limevunja fasili.

Na presha si pambo lililoongezwa baadaye na wataalamu. Ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Mwaka 1748 Mfaransa Jean-Antoine Nollet alijaza pombe kali kwenye chombo, akakifunika kwa kibofu cha nguruwe, akakizamisha ndani ya maji. Alichokiona ni kibofu kutuna. Mwaka 1877 Wilhelm Pfeffer alitumia chungu cha udongo chenye utando wa kemikali kupima presha hiyo kwa namba. Miaka kumi baadaye Jacobus van 't Hoff akaiandikia kanuni, na mwaka 1901 akawa mtu wa kwanza kabisa kupewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Historia nzima ya osmosisi ni historia ya presha, halafu sisi kidato cha pili tunaifundisha bila presha.

Dhana inayounganisha mambo haya mawili ipo. Inaitwa potenshali ya maji, na mwanafunzi hukutana nayo kidato cha tano na sita akichukua bayolojia. Lakini wengi huishia kidato cha nne. Hao wanabaki na nusu ya fasili maisha yao yote, na wengi wa wanaolima delta wako kwenye kundi hilo.

Turudi kwa mkoko

Ukisimama Nyamisati maji yakiwa yamekupwa, pale wanapopandia boti watu wa Mafia, unaiona mizizi ya mkoko imejikita kwenye tope kama miguu ya buibui. Msitu wa mikoko wa delta ya Rufiji ndio mkubwa kuliko yote nchini, na kila mti humo unaishi kwenye hali ambayo fasili yetu inasema haiwezekani.

Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Ndani ya mishipa ya mkoko, ile inayopandisha maji kutoka mzizini kwenda majani, maji yana chumvi kidogo sana, yanakaribia kuwa matamu. Yaani maji yanatoka upande wenye chumvi nyingi kwenda upande ambao hauna karibu chochote. Kwa fasili ya daftarini tunapaswa kusema mkoko unapoteza maji kila dakika. Ukijibu mtihani kwa uaminifu ukitumia fasili hiyo, utaandika kwamba Rufiji haina mikoko.

Kinachotokea ni hiki. Jua linakausha maji kwenye majani. Kila tone linaloondoka linavuta lililo nyuma yake, mpaka chini mzizini, kama mtu anayenyonya dafu kwa mrija. Mvuto huu ni presha hasi. Ili kunyang'anya maji kutoka kwenye bahari unahitaji kuvuta kwa zaidi ya atimosfia 25 hivi. Upepo wa tairi la gari dogo ni kama atimosfia mbili. Atimosfia 25 ni uzito wa nguzo ya maji yenye kimo cha mita 250.

Mwaka 1965 Per Scholander na wenzake walichapisha njia ya kupima mvuto huu. Unakata kitawi, unakiingiza kwenye chombo cha chuma kisichovuja, sehemu iliyokatwa inachungulia nje. Unaongeza gesi taratibu mpaka utomvu utokeze kwenye mkato. Presha uliyotumia kuusukuma inakuambia mti ulikuwa unavuta kwa nguvu kiasi gani. Kwenye mikoko walipata kati ya atimosfia 30 na 60. Inatosha kuishinda bahari, na chenji inabaki.

Mizizi inafanya kazi ya chujio: inaruhusu maji, inazuia sehemu kubwa sana ya chumvi. Usiku jua likizama mvuto haupotei, kwa sababu seli za majani zenyewe zimekolea chumvi na vitu vingine vilivyoyeyuka, na zinaendelea kuyashikilia maji. Ni kazi ileile inayofanywa na mitambo ya kugeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa, ila mitambo inasukuma kwa pampu na umeme, mkoko unavuta kwa jua.

Mchu unafanya kidogo tofauti. Mizizi yake nayo inachuja, lakini inaachia chumvi nyingi zaidi kupita kuliko mkoko, halafu majani yanaitoa nje kupitia vitezi vidogo. Lamba jani la mchu uone. Watoto wa delta wanajua ladha hiyo kabla hawajajua kusoma. Sijaona daftari hata moja la osmosisi lililomwambia mwanafunzi aende akalambe jani.

Mpunga: nusu nyingine iliyokosekana

Sasa shamba la bibi. Wakulima wa delta hulima mpunga kwenye ardhi iliyopakana na mikoko, na mingine iliyokuwa mikoko yenyewe kabla ya kufyekwa. Kilimo hicho kinategemea maji ya mto: mvua zikiwa nzuri, maji matamu yanaisukuma chumvi chini na nje. Mto ukipungua na bamvua likapanda, bahari inaingia. Anayelala kwenye dungu akilinda ndege na nguruwe hana cha kulindia chumvi.

Mpunga ni dhaifu sana kwa chumvi. Mavuno huanza kupungua maji ya kwenye udongo yakifikia kama gramu mbili za chumvi kwa lita. Linganisha na zile 35 za bahari.

Daftari lingesema: chumvi imeyatoa maji kwenye mizizi, mpunga umekauka, basi. Ni kweli, ila ni nusu. Chumvi inauumiza mpunga kwa njia mbili, na kila moja ina muda wake. Ya kwanza ndiyo osmosisi: mmea unashindwa kuvuta maji, na ukuaji unapungua ndani ya saa au siku chache, hata kama shamba limejaa maji. Kiu katikati ya maji. Ya pili inakuja polepole: mizizi ya mpunga inavujisha chumvi, madini ya sodiamu yanapanda na kujikusanya kwenye majani ya zamani mpaka yanageuka sumu. Hapo unaona majani yakiungua kuanzia ncha.

Tofauti hii ina faida shambani. Mpunga ulioduwaa kwa kiu ya siku chache unaweza kuinuka ukipata maji matamu mapema. Mpunga ambao majani yake yameshajaa sodiamu, jani lililokufa halirudi hata ukimwagia mto mzima. Mkulima anayeujua utofauti huu anajua lini kuna haja ya kuhangaika na maji na lini ni bora kujiandaa na msimu mwingine. Somo linalosema "maji yametoka" na kuishia hapo linamnyima maarifa hayo.

Manukato hayaendi kwa difyusheni

Tukiwa hapohapo, nigusie difyusheni, maana nayo ina kosa lake. Mfano wa kila daftari ni manukato: mtu anapuliza kona moja ya chumba, baada ya muda mfupi unasikia harufu kona nyingine. Huku Pwani tunabadilisha kidogo, tunasema udi.

Mfano mtamu, lakini si wa kweli. Difyusheni ni molekuli kuhangaika huku na huku, kila moja kivyake, hadi zisambae. Kwenye hewa iliyotulia kabisa, harufu ingechukua zaidi ya wiki kuvuka chumba cha mita tano kwa njia hiyo peke yake. Unayoisikia ndani ya dakika imebebwa na upepo: mlango, feni, joto la kaa la udi linalopandisha hewa, hata watu wanaopita.

Kwa nini nalishupalia hili? Kwa sababu mfano wa manukato unaficha jambo muhimu kuliko yote kuhusu difyusheni: ni ya haraka kwa umbali mdogo, na ni ya polepole kupita kiasi kwa umbali mkubwa. Umbali ukizidi mara kumi, muda unazidi mara mia. Ndani ya maji, molekuli ndogo inavuka upana wa seli chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Sentimita moja inachukua kama nusu siku. Mita moja? Zaidi ya miaka 15. Ndiyo maana una moyo na damu inayozunguka, na ndiyo maana mti una mishipa. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba difyusheni inavuka chumba kwa dakika moja hawezi kuona moyo unahitajika kwa nini.

Mfano mzuri upo delta, umesimama kwenye tope. Oksijeni inasambaa ndani ya maji polepole mara elfu kumi hivi kuliko ndani ya hewa. Tope la delta limejaa maji, na bakteria wanaimaliza hata ile kidogo inayoingia. Mzizi uliozama humo ungekosa pumzi. Ndipo mchu unatoa vile vimizizi vinavyochomoza juu ya tope kama penseli zilizochomekwa, vina nafasi za hewa ndani, na oksijeni inashuka kupitia hewa badala ya kupitia maji. Mtu yeyote aliyewahi kutembea peku huko akitafuta kaa anavijua, vimeshamchoma. Hiyo ndiyo difyusheni, na ina sababu ya kufundishwa.

Kiazi chenye jibu moja

La mwisho ni lile jaribio langu la viazi. Kosa lake kubwa ni kwamba jibu lilikuwa limeshaandikwa ubaoni kabla viazi havijalowa. Bakuli mbili, maji na chumvi. Kimoja kigumu, kingine laini. Hakuna kitu ambacho mwanafunzi angeweza kukigundua. Na sikuweka kipande kilichochemshwa. Kiazi kilichochemshwa utando wake umeshaharibika, kwa hiyo kinabaki kimelegea kwenye bakuli zote mbili. Bila hicho, tumejuaje kwamba utando ndio unaofanya kazi?

Nikipata kipindi kile tena, ningeenda hivi. Ndoo moja ya maji ya bahari, iliyochotwa maji yakiwa yamejaa. Ndoo moja ya maji matamu. Papai bichi badala ya kiazi kilichosafiri kutoka nyanda za juu. Bakuli tano: bahari tupu, nusu, robo, moja ya nane, na maji matamu. Vipande vya sentimita tano, vitatu kila bakuli, pamoja na kimoja kilichochemshwa. Saa mbili baadaye wanafunzi wanapima kwa rula na kuchora mchoro.

Vingine vitarefuka, vingine vitafupika, na mahali fulani katikati mstari utakatiza pasipo na badiliko. Pale ndipo papai na maji vinavutana sawasawa. Kwa kiazi, pale huangukia mahali fulani jirani na robo ya ukali wa bahari. Kwa papai, waache wapime wenyewe. Ghafla darasa lina namba yake, na swali linalofuata linajileta: kama tishu hii inashindwa ikizidi hapo, mkoko unaokaa kwenye bahari nzima unavuta kwa nguvu gani?

Kwa upande wa pili

Najua majibu ya walimu wenzangu, na mengi yana haki. Vipindi ni vichache, madarasa yamejaa, maabara haipo, mtihani unasahihisha fasili. Presha hasi ni ngumu kwa mtoto wa miaka 15 anayejifunza kwa Kiingereza ambacho hajakizoea. Yote kweli.

Lakini sidai tuhamishie kidato cha sita huku chini. Nadai sentensi moja iongezwe: maji huelekea upande uliokolea zaidi, isipokuwa kama kuna kitu kinachoyasukuma au kuyavuta kwa nguvu zaidi. Basi. Sentensi hiyo inaeleza kachumbari, inaeleza seli inayoacha kutuna, inaeleza mkoko. Na mtoto anayejua kunyonya dafu kwa mrija ameshaielewa nusu yake.

Kama una mtihani mwezi ujao, andika fasili ya kitabu upate alama zako, sitaki lawama. Ila ujue moyoni kwamba ina tundu.

Na kwa yule kijana, ambaye sasa atakuwa amemaliza shule zamani: ulichouliza kilikuwa sahihi kuliko nilichofundisha. Mkoko haukauki kwa sababu unavuta kuliko bahari inavyovuta, na mizizi yake inaiacha chumvi nje. Mpunga wa bibi haukuweza yote mawili. Samahani kwa kuchelewa kujibu.